Mbwa wa Pili

Kwa majuma sita tulijadili mtoto mmoja wa mbwa. Tunaandika hivyo tukijua wako watakaosema kwamba nyumba ya mchungaji ina mambo mazito zaidi, na wengine watauliza mbwa amefuata nini katika kitabu cha imani. Tunaomba mtuvumilie kwa kurasa chache. Sisi, yaani mchungaji na mama mchungaji, tumekaa katika vikao vya kanisa vya kutwa nzima, vyenye ajenda ndefu na chai mara mbili, ambavyo havikututaka tufikiri juu ya Mungu na jirani kama alivyotutaka yule mnyama.

Makao yetu ni Chiwata, wilaya ya Masasi, kwenye miteremko ya uwanda wa juu wa Makonde. Walutheri huku ni wachache. Injili ilifika kwa mkono wa Waanglikana wa UMCA. Masasi yenyewe ilianza kuwa kituo cha misheni mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipokuja kutoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Wakatoliki wana Ndanda, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1906. Waislamu tunapakana nao ua kwa ua. Sisi tulikuja mwisho, na washarika wetu wengi ni watu wa kuja kama sisi: walimu, askari, wauguzi, wafanyabiashara waliotoka Iringa, Njombe na Kilimanjaro. Usharika mmoja una mitaa iliyotawanyika hadi upande wa Newala, na mchungaji huishi juu ya pikipiki. Mama mchungaji anafundisha, huondoka kabla jua halijachomoza. Watoto wako bweni. Kwa hiyo tangu asubuhi hadi saa kumi jioni nyumba yetu haina mtu.

Mbwa tuliwakuta. Waliachwa na familia iliyotutangulia katika nyumba ya mchungaji, pamoja na kabati lisilofungika na miche mitatu ya mipapai. Dume aliitwa Waache, jike aliitwa Waseme. Aliyekulia nchi hii anajua kwamba jina la mbwa, kama maandishi ya khanga, huwa limeelekezwa kwa mtu fulani. Haya yalielekezwa kwa nani hatukuuliza, na washarika kwa hekima yao hawakutuambia. Tulichojua ni kwamba ukitaka kuwaita kula ilibidi usimame uani na kukitangazia kitongoji kizima: Waache! Waseme! Mchungaji aliyetoka dakika hiyo kusuluhisha ugomvi wa kwaya anapopaza sauti kwa maneno hayo, watu hucheka, nasi tulicheka pamoja nao.

Waseme alikuwa mzee. Alikufa mwezi wa Juni, katika siku za baridi, kwa uzee tu. Tulimzika chini ya mkorosho ulioko nyuma ya jiko. Tangu siku hiyo tukawa tunaita nusu ya sentensi.

Habari hii hasa ni ya huyu aliyebaki. Siku tatu hakugusa ugali. Siku ya nne alikula, lakini akiwa amesimama, jicho moja kwenye kona ya ua. Aliacha mahali pake pa kulala akahamia pale Waseme alipokuwa akilala, kando ya kuni. Akaanza kuifuata pikipiki asubuhi hadi kwenye kalavati, na jioni tulipokuwa tukirudi tulimkuta ameketi pale pale. Jumapili alikuja kanisani na kujinyoosha kizingitini, mpaka waliochelewa ibada wakawa wanamruka, jambo ambalo angalau liliwafanya waonekane. Usiku alilia ule mlio mrefu ambao huku watu wengi huuhesabu kuwa ni taarifa ya msiba. Mara mbili tuligongewa asubuhi na mtu aliyetaka kujua kama kwetu ni salama.

Mambo yakifika hapo katika usharika, kila mtu ana ushauri. Mzee mmoja wa kanisa alitukumbusha kwamba msimu wa korosho unakaribia. Korosho hukaa nyumbani siku chache kabla ya kupelekwa ghala la chama cha msingi, na siku hizo chache ndizo wezi na wanunuzi wa kangomba huzitolea macho. "Mbwa mmoja hubweka, Mchungaji," alisema. "Wawili ndio wanaouma." Hoja hii tuliimaliza upesi. Magunia ya usharika ni machache, yanaweza kupelekwa ghalani siku ile ile yanapojaa, na hatukuona sababu ya nyumba ya mchungaji kujulikana kwa kuuma.

Hoja ya upweke ndiyo iliyotukalia. Katikati ya Agosti mwalimu mmoja, msharika wa mtaa wa juu uwandani, alitupigia simu. Mbwa wake alikuwa amezaa sita, watano wameshapata wenyewe, amebaki mmoja, jike, mwenye doa jeupe kifuani. Walikuwa na umri wa majuma mawili. Angetuwekea hadi watakapoacha kunyonya, majuma sita mengine, kisha tuseme ndiyo au hapana. "Waache apate mwenziwe," alisema, na sisi wawili tuliokuwa tukisikiliza simu moja tukatazamana.

Mmoja wetu alisema ndiyo hapo hapo. Mwingine aliomba tusubiri. Hatutawaambia ni yupi, kwa sababu kabla ya majuma sita kwisha tulikuwa tumebadilishana pande si chini ya mara mbili.

Tulifungua Mwanzo sura ya 2. Sura hiyo tumezoea kuisoma harusini, na harusini huwa tunaruka katikati. Mungu anapoona kwamba si vema mtu akae peke yake, anayefuata si Hawa. Kwanza wanaletwa wanyama wa mwituni na ndege wa angani, na Adamu anawapa majina. Ni baada ya msafara wote kupita ndipo tunaambiwa kwamba hakuonekana wa kumfaa. Maandiko hayo yalitupa mambo mawili yanayovutana. La kwanza, wanyama waliletwa karibu na mtu kwa sababu ya upweke, kabla ya habari yoyote ya nyama, maziwa au kubeba mizigo. Anayecheka mtu kumhurumia mbwa wake na asome tena. La pili, pamoja na hayo yote, nafasi ile haikujazwa kwa kuleta tu kiumbe mwingine. Ilimpasa awe yule anayefaa. Basi tukajiuliza: Waache amepungukiwa na nini? Na huyo mwenye doa jeupe, ndiye anayefaa, au ni kiumbe mwingine tu?

Mithali 12:10 inamsifu mwenye haki kwa sababu anajua hali ya mnyama wake. Kujua hali kunataka kutazama. Tukamtazama.

Mbwa wengine wa kitongoji walipopita njiani, Waache alinyanyua sikio moja na kulirudisha. Aliposikia pikipiki, hata isiyo yetu, alisimama. Jumamosi moja ilitokea sote wawili tukashinda nyumbani, mmoja akifua, mwingine akiandika mahubiri kibarazani. Siku hiyo Waache alimaliza chakula chake, akalala mahali pake pa zamani, na usiku hakulia. Jumatatu alirudi kalavatini. Tulimweleza afisa mifugo alipopita kuangalia mbuzi wa jirani. Alisema amewaona wengi wa namna hiyo: mbwa amezoea watu kuliko anavyozoea mbwa, na ukiongeza wa pili katika nyumba inayoshinda imefungwa, unaweza kupata wapweke wawili mahali pa mmoja. Hakusema usichukue. Alisema tu msimchukue kwa ajili ya kukaa badala yenu.

Neno hilo lilituingia. Mmoja wetu alikumbuka habari tuliyoichekea chuo cha theolojia, kwamba Martin Luther naye alikuwa na mbwa, aitwaye Tölpel, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa kama Bwege. Katika mazungumzo ya mezani yaliyoandikwa na wanafunzi wake husimuliwa kwamba Luther alimwona mbwa huyo akiikodolea macho nyama iliyo mkononi mwa bwana wake, akatamani yeye naye aweze kuomba kwa moyo usiogawanyika vile. Chuoni tulicheka jina. Kalavatini, saa kumi na moja jioni, ukitazamwa hivyo na mnyama aliyekungoja tangu saa moja asubuhi, hucheki.

Gharama tulizihesabu mara moja: dona, vichwa vya dagaa, dawa ya minyoo na ya kupe. Zingewezekana. Lakini afisa mifugo alileta jambo jingine ambalo tungependa kila msharika mwenye mbwa alisikie. Mikoa yetu ya Lindi na Mtwara ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyowekwa katika mradi wa kutokomeza kichaa cha mbwa katika miaka ya 2010, serikali ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani. Wengi mnakumbuka foleni za mbwa chini ya miembe, kila mmoja na kamba yake ya katani. Mradi huo ulikuwa na sababu nzito. Ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza kwa mtu ni nadra sana kupona. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri kuona mbwa atakuwaje. Ili ugonjwa usienee, mbwa 70 katika kila 100 wanapaswa kuwa wamechanjwa. Na kinachoshusha hesabu hiyo kila mwaka, pamoja na uzembe, ni watoto wa mbwa wanaozaliwa baada ya chanjo kupita. Waache ni dume. Aliyeahidiwa ni jike. Mbwa hubeba mimba siku 63 tu, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Tungekuwa tunaamua juu ya mmoja, au juu ya wanane wasio na mwenyewe katika njia wanayopita watoto wa shule?

Hata hilo lingeweza kutafutiwa njia. Tungeweza kuomba dume kwingine. Tunalitaja kwa sababu ni kweli, lakini siyo lililoamua.

Ng'ambo ya ua wetu, hatua kama kumi hivi, anakaa Bibi. Tunamwita Bibi kama kitongoji kizima kinavyomwita. Ni Mwislamu, mjane, wanawe wako Dar es Salaam. Asubuhi tukitoka humwamkia shikamoo kutoka kwenye pikipiki, naye hujibu marahaba na kuongeza ushauri kuhusu mwendo wetu. Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote aliposikia kwamba Waache anahudhuria ibada. "Wazee walisema ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini," alituambia. "Wenzangu nyie ameshaingia nanyi kanisani. Bado kumbatiza."

Ili mwelewe habari ya Bibi inabidi tuseme neno juu ya maji. Uwanda wa Makonde una mvua za kutosha kwa korosho na mihogo, lakini mvua hiyo huzama mchangani, na juu hakuna mto. Aliyewahi kusimama Shimo la Mungu kule Newala na kutazama bonde chini ameona umbali ambao mama zetu walishuka na kupanda na mitungi kichwani, wengine wakiondoka usiku. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, na kazi ya kuyasambaza mpaka leo haijaisha. Sisi wa miteremkoni tuna afadhali, lakini ikifika Septemba ndoo ni ndoo. Bibi huchota mbili asubuhi, pole pole, na mgongo wake si wa jana. Katika maji hayo kuna ya kupikia, ya kunywa, na ya udhu mara tano kwa siku.

Sasa, kwa madhehebu ya Shafi ambayo Waislamu wengi wa pwani na huku kwetu wanayafuata, chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Tafadhali mtu asisome hapa dharau. Tumewasikia Wakristo wenzetu wakilitaja jambo hili kwa mzaha, nasi hatuupendi mzaha huo. Mtu anayeosha chombo mara saba kabla ya kusimama mbele za Mungu anatufundisha kitu sisi tunaoingia kanisani tukiwa bado tunajibu simu. Lakini hesabu yenyewe ni hii: ulimi mmoja, sekunde moja, ndoo nzima ya Bibi imemwagwa, na nyingine inahitajika ili kuiosha.

Waseme na Waache walipokuwa wawili walikuwa kundi. Waseme aliongoza, Waache alifuata, na njia yao ya kwenda popote ilipita kwa Bibi. Siku hizo ndoo zake zilikaa juu ya kichanja, usawa wa kifua cha mtu. Vichanja ni vingi huku, watu huanikia vyombo, hatukuwahi kukitazama mara mbili. Mwezi wa Julai, harufu ya salfa ya mikorosho ikiwa bado hewani, mama mchungaji aligundua kwamba ndoo zimeshuka. Zilikuwa chini, kivulini, zimefunikwa kwa sinia. Waache, akiwa peke yake, hakuwa tena na hamu ya kuzurura. Alitoka kwetu kwenda kalavatini na kurudi. Bibi alikuwa ameliona hilo kabla yetu, na akaacha kunyanyua ndoo hadi kifuani.

Kulikuwa na jambo la pili pale uani kwake. Nje ya ua wake, upande wa kwetu, kulikuwa na kifuu cha nazi chenye maji. Kila siku kilikuwa na maji. Mchana, sisi tukiwa hatupo na jua likiwa kali, Waache alikuwa akinywa maji ya Bibi, katika chombo alichopewa kiwe chake peke yake.

Tulikwenda kumwona jioni moja mwishoni mwa majuma yale sita. Alikuwa akichambua kunde. Tulimweleza habari ya mtoto wa mbwa, na kwamba tungependa kusikia neno lake.

"Mimi nina neno gani?" alisema. "Mbwa ni wenu, ua ni wenu."

Tukasema kwamba ua ni wetu lakini mbwa hawajui mipaka.

Akatusimulia habari wanayoifundishana wao, ya mtu aliyeteremka kisimani na kiatu chake, akateka maji kumpa mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Akasema pia kwamba wale vijana waliolala pangoni, ambao habari yao imo katika Kurani, walikuwa na mbwa wao mlangoni. "Kwa hiyo msinifikirie vibaya. Mleteni. Hakuna shida." Alinyamaza, akatupa kunde mbovu moja pembeni. "Hakuna shida," alisema tena. Kisha, si kwa kulalamika, kama mtu anayepanga kazi zake za kesho tu: "Basi itabidi nimwite yule kijana anikazie kamba za kile kichanja."

Wapendwa, sisi tumeishi kusini miaka ya kutosha kujua kwamba hapa mtu mwenye adabu hakwambii hapana. Anakwambia hakuna shida, kisha anataja kichanja.

Tulirudi nyumbani hatujasema kitu. Tungeweza kujitetea kwamba tumemuuliza na amekubali. Katika vikao, ridhaa ya namna hiyo huandikwa kwenye muhtasari na jambo linasonga mbele. Lakini tulikuwa tumeona ndoo zilikowekwa, na aliyeona hawezi kujifanya amesikia tu. Tena kulikuwa na kile kifuu. Mbwa wawili wangekuwa vifuu viwili, kwa kuwa tunamjua Bibi. Upweke wa mbwa wetu ungetibiwa kwa maji yaliyobebwa na mgongo wake, na yeye ndiye angekuwa wa mwisho kulisema.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na darasa la kipaimara, na kwa ratiba tulikuwa tumefika ombi la nne katika Sala ya Bwana, lile la mkate wa kila siku. Katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529, Luther anaufungua mkate huo ukawa orodha ndefu: chakula na mavazi, nyumba, shamba, mifugo, serikali njema, hali ya hewa, afya. Binti mmoja akauliza kama mbwa naye yumo. Mvulana akajibu hayumo, kwa sababu mbwa si mfugo, haliwi wala hakamwi. Binti akasema mbona analindia mbuzi, basi ni mfugo. Wakabishana vizuri sana, kuliko wachungaji, na tukawaachia. Wakiwa bado wanabishana, sisi tulikuwa tumeshuka hadi mwisho wa orodha, mahali ambapo vijana huwa wamechoka kukariri na humeza maneno. Huko mwisho wametajwa majirani wema. Tumefundisha orodha hiyo kwa miaka mingi. Hatukumbuki kuwahi kusimama hapo.

Kwa hiyo tuliomba mkate wetu wa kila siku, na sehemu yake tayari ilikuwa imeketi ng'ambo ya ua ikichambua kunde. Mbwa tutamtetea kwamba yumo katika orodha. Tumemuunga mkono yule binti. Ila wote wawili wamo katika ombi moja, na haifai kumega kwa mmoja ili kumwongezea mwingine kana kwamba wanatoka mezani kwa watu tofauti.

Kuna jambo la mwisho, ambalo wachungaji wenzetu watalielewa bila maelezo. Sisi ni watu wa kuhamishwa. Barua ya dayosisi ikija, tunafunga mizigo. Waache ameshaachwa mara moja na watu aliowapenda, na tulipofika alikaa juma zima akitazama njia. Mbwa wa pili angekuwa wa nani baada yetu? Wa familia itakayokuja, ambayo haikuulizwa, labda yenye mtoto anayeogopa mbwa. Mwenye wakfu wa muda afikiri mara mbili kabla ya kuongeza kiumbe hai katika orodha ya vitu vya nyumba, kati ya kabati na mipapai.

Tulimpigia mwalimu simu tukamwambia hapana, tukamshukuru. Alikaa kimya kidogo. Mwenye doa jeupe alichukuliwa na mwinjilisti wa mtaa mwingine, ambaye nyumba yake iko katikati ya mikorosho, mbali na ndoo za mtu. Tarehe 28 Septemba, ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, tulimpeleka Waache kuchanjwa. Alibebwa mbele kwenye pikipiki kama gunia, na kwa mara ya kwanza tangu Juni alitikisa mkia bila kusita, pengine kwa kuwa safari hii hakuachwa kalavatini.

Ratiba tumeibadilisha. Jumanne na Alhamisi mchungaji haandiki ofisini, anaandika kibarazani, na anayetaka kumwona anajua amfuate huko. Darasa la kipaimara limehamia chini ya mwembe wa uani kwetu, ambapo Waache huhudhuria tangu mwanzo hadi mwisho bila kuitwa jina. Chakula cha jioni tunakula nje. Mzee wetu wa kanisa bado anasema mbwa mmoja halindi, na msimu ujao ataturudia. Kifuu cha Bibi kiko pale pale, nasi sasa tunampelekea ndoo moja kila jioni, ambayo anaipokea kwa kusema tusingejisumbua.

Hatudai kwamba Waache amepona. Usiku wa mbalamwezi bado hulia mara moja moja. Mmoja wetu huamka, hufungua mlango na kuketi naye kizingitini mpaka anyamaze. Saa hiyo mara nyingi Bibi naye yuko macho, anajiandaa kwa sala ya alfajiri, na kutoka ng'ambo ya ua tunasikia kata ikizama katika ndoo ya chini, na maji yakimiminwa.